Kupima shamba kwa simu: mwongozo kamili wa kupata ekari za kweli kabla ya kununua mbegu na mbolea

Msimu wa kuandaa mashamba ukikaribia, swali huwa ni lile lile: "Nimepima shamba langu kwa simu mara mbili. Mara ya kwanza imesema ekari moja na nusu, mara ya pili ekari mbili na ushee. Niamini ipi?"

Usiamini hata moja. Vipimo vya shamba moja vikipishana kiasi hicho, mara nyingi programu haina kosa wala setilaiti hazina kosa. Kosa liko kwenye namna mpimaji alivyoanza, alivyotembea na alivyofunga mzunguko. Makosa yenyewe ni machache na yanajirudia, kwa hiyo fuata kazi hizi kwa mpangilio wake bila kuruka.

Na usilione jambo dogo. Mbegu, mbolea, dawa, malipo ya trekta, kodi ya shamba, hata ukubwa unaoandikisha kwenye usajili wa mbolea ya ruzuku, vyote huhesabiwa kwa ekari au hekta. Ekari ikiwa ya uongo, ushauri wowote mzuri utakaopewa na bwana shamba au na programu ya simu unaingia shambani ukiwa tayari umepinda.

## Vitu vya kuandaa

- Simu janja yenye uwezo wa kupokea setilaiti. Karibu zote za miaka ya karibuni zinao. Kitochi hakifai, azima simu ya kijana wa nyumbani.
- Programu ya kupima eneo. GPS Fields Area Measure ni ya bure (ina matangazo) na inatosha. Ukiwa na Google Earth pia, itakusaidia kuhakiki.
- Chaji ya kutosha, zaidi ya nusu, au pawabanki.
- Bando dogo, la kutumia nyumbani kabla ya kwenda shambani.
- Futikamba ya mita 50. Mafundi ujenzi wanazo, azima.
- Vigingi vya miti, kimoja kwa kila kona, na vitambaa vya rangi kali.
- Panga la kufyekea mpaka.
- Daftari na kalamu. Usiseme utakumbuka.
- Mtu mmoja wa kukusaidia, ikiwezekana anayeijua mipaka kuliko wewe.

## 1. Pima hatua yako kwanza

Kazi hii inafanyika kabla hata ya kuwasha programu, na ndiyo inayowashangaza wengi.

Vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kanuni hiyo inakaribia sana ukweli endapo hatua moja ni yadi moja, yaani sentimita 91. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa mita, ekari moja ni mita za mraba 4,047, sawa na kiwanja cha karibu mita 64 kwa 64.

Tatizo ni kwamba watu hawatembei kwa yadi. Tandika futikamba mita 50, tembea mwendo wako wa kawaida na uhesabu hatua. Ukipata hatua 67, hatua yako ni kama sentimita 75. Sasa piga hesabu: hatua 70 zako ni mita 52.5. Zidisha 52.5 kwa 52.5, unapata mita za mraba 2,756. Hiyo ni asilimia 68 tu ya ekari.

Kwa maneno mengine, aliyepimiwa "ekari tatu" kwa hatua za namna hiyo ana ekari mbili. Amelipa trekta la ekari tatu. Amenunua mbolea ya ekari tatu. Na akivuna anasema amepata gunia 8 kwa ekari, kumbe kwa ekari ya kweli amepata karibu gunia 12, na huenda ameshaitupa mbegu nzuri kwa kuilaumu bure.

Ipo dalili ya kuitambua ekari fupi bila kipimo chochote: ukipanda kwa kifuniko cha soda kama ulivyoelekezwa, mfuko wa mbolea wa "ekari moja" unabaki na mbolea nyingi. Wengi wanadhani kifuniko ni kidogo, wanaanza kujaza kwa kurundika. Kifuniko hakina kosa.

Umefanikiwa ukiwa na: urefu wa hatua yako kwa sentimita, umeuandika daftarini. Utautumia tena kwenye kazi ya 7.

## 2. Chagua wakati, na uwaambie majirani

Pima baada ya mavuno na kabla ya kulima. Mahindi yaliyosimama yanakuzuia kunyoosha mwendo, na majani mabichi juu ya kichwa yanadhoofisha mawimbi ya setilaiti. Asubuhi au jioni ni sawa, mawingu si tatizo. Mvua iache, kwa ajili ya simu na si kwa ajili ya setilaiti.

Kabla ya kukanyaga mpaka, waambie majirani wote mnaopakana. Mtu anayezunguka mpakani na simu mkononi, akisimama kila kona kana kwamba anapiga picha, huzua maneno. Watadhani unauza, au umeleta dalali, au unasogeza mpaka. Shamba likiwa limewahi kuwa na ugomvi, mshirikishe mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo. Jirani akisimama nawe kwenye kona mnayopakana, umepata na shahidi.

Tahadhari: kama kona haijulikani kwa uhakika, maliza maelewano kwanza. Simu itapima pale ulipokanyaga tu. Haijui mpaka uko wapi.

## 3. Andaa simu ukiwa nyumbani

Pakua programu ukiwa na mtandao. Fungua ramani, ikuze mpaka uone eneo la shamba lako, na uache picha ijipakie. Programu nyingi huihifadhi kwa muda, hivyo ukifika shambani bila bando bado unaweza kuona kitu.

Kisha rekebisha mambo manne:

Kwanza, kwenye Mipangilio washa Mahali, na uiruhusu programu itumie mahali ulipo kwa usahihi kamili. Simu mpya hukuuliza kama unataka kutoa mahali halisi au pa kukadiria. Ukichagua pa kukadiria, vipimo vyote vitakuwa upuuzi.

Pili, zima Kiokoa Betri. Hili huangusha wengi. Simu ikijaribu kuokoa chaji huizuia programu kupokea setilaiti mara kwa mara, na skrini ikizimika kipimo hukatika katikati. Unadhani umezunguka shamba lote, kumbe simu imerekodi kona mbili na kuunganisha mstari katikati ya shamba.

Tatu, ongeza muda wa skrini kukaa bila kuzimika.

Nne, weka kipimo kiwe mita za mraba. Usichague ekari bado. Alama za ekari na hekta kwenye skrini zinafanana na watu huzichanganya: "ac" ni ekari, "ha" ni hekta, na hekta moja ni ekari 2.47. Aliyesoma hekta 0.8 akaandika ekari 0.8 amejipunja zaidi ya nusu. Mita za mraba hazina utata, na kugeuza ni rahisi: gawanya kwa 4,047.

Umefanikiwa ukiona: nukta inayoonyesha ulipo imesimama juu ya paa la nyumba yako au karibu nalo ukitoka uani, na kipimo kimeandikwa mita za mraba.

## 4. Fyeka mpaka, simika vigingi, chora ramani ya mkono

Weka kigingi kila mahali mpaka unapokata kona, hata kona ndogo. Funga kitambaa ili kila kimoja kionekane kutoka kwa mwenzake. Mpaka wenye vichaka ufyeke upana wa mtu kupita. Ukiacha kichaka utakizunguka kwa nje, na mita mbili za kuzunguka zinaingia kwenye hesabu.

Kaa chini uchore shamba daftarini. Zipe kona majina A, B, C kuendelea, kwa mfuatano wa kuzunguka. Mchoro huu si pambo: umbo litakalotokea kwenye simu ni lazima lifanane nao. Shamba lenye kona tano likitokea na kona nne, utajua papo hapo.

Kando ya mto au korongo, kona hazihesabiki. Hapo weka alama kila mita 5 hadi 10 ukifuata ukingo unaolimika kweli. Usifuate maji.

## 5. Iache simu ikamate setilaiti

Kama una haraka siku hiyo, iharakishe kazi nyingine yoyote, lakini hii usiiharakishe.

Simu hujua mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti kadhaa kwa pamoja. Nyingi hupokea za GPS ya Marekani na pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China. Kusikiliza huko hakuhitaji bando. Lakini simu iliyozimwa muda mrefu, au iliyosafirishwa mbali, inahitaji kupata taarifa za setilaiti upya. Ikiwa na intaneti inazipata kwa sekunde. Bila intaneti inazipokea kutoka angani kwenyewe, polepole sana: ratiba nzima ya setilaiti za GPS huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa.

Kwa hiyo simama mahali pa wazi, mbali na mwembe na mbali na bati la banda, washa programu, weka simu bapa kifuani na usubiri. Kama una bando liwashe kwa dakika hizo. Programu itakuonyesha usahihi kwa mita, au duara linalozunguka nukta yako. Duara linapungua kadiri setilaiti zinavyoongezeka. Ukianza kupima duara likiwa la mita 20, kona ya kwanza inaweza kuangukia shamba la jirani.

Umefanikiwa ukiona: usahihi umefika mita 5 au chini yake, na nukta haihamihami ukiwa umesimama. Uwanja ukiwa wazi, simu ya kawaida hufika mita 3 hadi 5. Usisubiri sentimita, hazitakuja. Hizo ni za vifaa vya wapima ardhi.

## 6. Pima

Programu hutoa njia mbili: kuweka nukta mwenyewe kwenye kila kona, au kuiacha irekodi njia yako unapotembea.

Ushauri wangu, shamba lenye mipaka iliyonyooka lipime kwa nukta za kona. Kutembea kunarekodi kila yumba-yumba ya mwendo wako na kila mtikisiko wa setilaiti, wakati kona nne ulizozisimamia vizuri zinatosha. Njia ya kutembea iweke kwa mipaka ya mto, korongo au barabara inayopinda.

Kwa nukta za kona:

Simama juu ya kigingi chenyewe. Si hatua mbili kando yake kwa sababu pana miiba.

Shika simu bapa, usawa wa kifua, skrini ikitazama juu. Mwili wa mtu huzuia mawimbi. Simu iliyo mfukoni inasikia nusu ya anga.

Tulia nusu dakika hadi dakika moja, kisha weka nukta. Ukiweka nukta ukiwa bado unatembea, simu huwa inaonyesha ulipokuwa sekunde chache zilizopita.

Nenda kona inayofuata kwa mfuatano wa mchoro wako. Usiruke kona ukasema utairudia. Nukta zikiwekwa bila mfuatano, mistari hukatana katikati na umbo huwa kama namba 8. Hapo eneo linalosomeka halina maana yoyote.

Ukifika kona ya mwisho, bonyeza kitufe cha kufunga au kuhifadhi. Usirudi kuweka nukta mpya kwenye kona A. Programu inaunganisha yenyewe. Nukta ya pili kwenye kona ile ile haiangukii mahali pale pale na huleta kijipembe cha ajabu.

Kwa njia ya kutembea: anza kurekodi ukiwa umesimama kona A, tembea taratibu na kwa mwendo mmoja juu ya mstari wa mpaka, usikate kona kwa ndani, na usisimamishe mpaka urejee hatua mbili tatu kabla ya kona A. Simu ikiita, usiipokee. Kama hujiamini, weka simu kwenye Hali ya Ndegeni baada ya kukamata setilaiti. Simu nyingi za Android huendelea kupokea mahali zikiwa katika hali hiyo.

Umefanikiwa ukiona: umbo la skrini linafanana na mchoro wa daftari, na idadi ya kona ni ile ile. Andika mita za mraba na mzunguko wa shamba kwa mita, hapo hapo.

## 7. Rudia kinyume, kisha linganisha

Kipimo kimoja ni uvumi. Pumzika robo saa ili setilaiti zisogee angani, kisha pima tena ukianzia kona nyingine na ukizunguka upande wa pili.

Chukua tofauti ya vipimo viwili, gawanya kwa kile kidogo. Tuseme "ekari tatu" zetu za hatua zimetoa mita za mraba 8,350 mara ya kwanza na 8,050 mara ya pili. Tofauti ni 300, ukigawa kwa 8,050 ni chini ya asilimia 4. Hiyo inakubalika. Chukua wastani: 8,200, sawa na ekari 2.03.

- Tofauti chini ya asilimia 5: kubali, tumia wastani.
- Kati ya 5 na 10: pima mara ya tatu, tumia viwili vinavyokaribiana.
- Zaidi ya 10: kuna kosa. Rudi kazi ya 3 na ya 5, mara nyingi ni Kiokoa Betri au haraka.

Halafu hakiki kwa njia isiyotumia simu. Pima upande mmoja ulionyooka kwa futikamba, au kwa hatua zako ulizozijua kwenye kazi ya 1, na ulinganishe na urefu wa upande huo kwenye programu. Ukipishana mita 2 au 3 kwenye upande wa mita 90, uko salama. Ukipishana mita 10, kona mojawapo imekosewa.

Njia ya tatu, ukirudi nyumbani, fungua picha ya setilaiti ndani ya Google Earth na uchore shamba kwa kidole kwa kutumia kipimio chake. Inafaa tu pale mipaka inapoonekana, kama kwenye ua wa miti au barabara. Kumbuka picha hiyo inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma. Usigombane na jirani kwa ushahidi wake.

### Kwa nini vishamba vidogo vinasumbua

Simu ikikosea mita 2 kila upande, kosa ni lile lile kwa shamba kubwa na dogo, lakini maumivu hayalingani. Shamba la mita 32 kwa 32, robo ekari, likisomeka 36 kwa 36, umeongezewa zaidi ya asilimia 26. Shamba la ekari tano, mita 142 kwa 142, likisomeka 146 kwa 146, nyongeza ni chini ya asilimia 6.

Kwa hiyo chini ya nusu ekari, weka simu mfukoni na utumie futikamba. Bustani ya mboga, kitalu, jaruba la mpunga: futikamba. Shamba lisilo mraba ligawe pembetatu, pima kitako na kimo cha kila moja, zidisha, gawanya kwa mbili, jumlisha. Darasa la saba linatosha.

Wasomaji wa Kenya nao wana jambo lao: ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kama moja ya nane ya eka. Ni futi za mraba 5,000, na eka ina 43,560. Moja ya nane kamili ni 5,445. Unayepanda sukumawiki hapo, nunua mbolea ya mita za mraba 465.

### Chini ya migomba na milimani

Vihamba vya Kilimanjaro na vibanja vya Bukoba, ambako kahawa iko chini ya migomba na migomba chini ya miti, ni mahali pagumu. Simu inaweza kukuonyesha mita 15 za kukosea siku nzima. Sogea kwenye mwanya ulio karibu na kona, subiri zaidi, na ikishindikana tumia futikamba.

Mteremko ni jambo jingine. Simu hupima shamba kama linavyoonekana kutoka juu, si ngozi ya mlima. Kwenye mteremko wa nyuzi 20 ardhi unayoikanyaga ni kama asilimia 6 zaidi ya ile ya kwenye skrini. Kwenye nyuzi 30 ni asilimia 15. Kwa mbolea na mbegu usijisumbue. Lakini kule Lushoto, unapomlipa kibarua wa jembe la mkono, ana haki ya kudai kile alicholima.

## 8. Toa visivyolimwa

Eneo la shamba si eneo la kupanda. Pima na utoe kichuguu, njia ya ng'ombe, kivuli cha mwembe ambako hapaoti kitu, makaburi, banda.

Kwenye mfano wetu: kichuguu cha mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Njia ya upana wa mita 3 na urefu wa 90 ni 270. Jumla 350. Toa kwenye 8,200, zinabaki 7,850. Gawanya kwa 4,047: ekari 1.94.

Hifadhi namba zote mbili. Ekari 2.03 ni ya kukodisha na ya kuandikisha. Ekari 1.94 ni ya pembejeo. Ya trekta mkubaliane na dereva kabla hajashusha jembe. Akishalima, hoja yako ya simu haina nguvu.

## 9. Geuza ekari kuwa mifuko, kilo na pampu

Chukulia mahindi, nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Shimo moja linachukua mita za mraba 0.45. Gawanya 7,850 kwa 0.45: mashimo 17,444.

Mbolea ya kupandia. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa huchukua kama gramu 5 za DAP. Mashimo 17,444 mara gramu 5 ni kilo 87. Mifuko miwili ya kilo 50 inatosha na akiba inabaki. Kwa ekari za hatua ungenunua mitatu. Kama ushauri wa eneo lako ni tofauti, badilisha gramu tu, mashimo yanabaki yale yale.

Mbegu. Kwa kilo 8 hadi 10 kwa ekari, ekari 1.94 inataka kilo 16 hadi 20. Nunua kwa kipimo hicho, na soma pakiti yenyewe kwa sababu ukubwa wa punje hutofautiana.

Dawa. Hapa uwe makini kuliko kwingine, kwa sababu lebo nyingi zimeandikwa kwa hekta na muuzaji wa duka la pembejeo atakutajia kwa "kifuniko". Tuseme lebo inasema lita 3 kwa hekta. Gawanya kwa 2.47: lita 1.2 kwa ekari.

Sasa unahitaji kujua ekari yako inakula pampu ngapi. Pima mita 10 kwa 10 shambani. Jaza pampu maji matupu hadi alama unayoijua, nyunyiza eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, uone lita zilizotumika. Zikiwa lita 2, zidisha kwa 40: ekari inahitaji karibu lita 80, yaani pampu 5 za lita 16. Gawanya lita 1.2 kwa 5: mililita 240 kila pampu. Rudia zoezi hili ukibadilisha mnyunyizaji au pua ya pampu, kwa sababu kila mtu ana mwendo wake.

Tahadhari: namba za lebo ya mfano huu ni za kufundishia hesabu. Soma lebo ya chupa uliyoinunua, na usichanganye dawa kwa kukadiria hata kama eneo limepimwa vizuri.

Umefanikiwa ukiona: mbolea uliyoipigia hesabu (kilo 87 kwenye mfano wetu) inakwisha pamoja na mistari, bila kubaki nyingi wala kupungukiwa mistari kumi ya mwisho. Ikibaki nyingi, hesabu mashimo ya mstari mmoja. Huenda vibarua wametanua nafasi.

## 10. Hifadhi kipimo, na usikitangaze

Lipe shamba jina ndani ya programu pamoja na mwaka, piga picha ya skrini, na uandike daftarini: tarehe, mita za mraba, ekari, majina ya majirani waliokuwepo. Simu huibiwa na huanguka majini. Daftari likae nyumbani.

Picha ya ramani yenye kona zako usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Madalali wamo humo, na aliyeona umbo na mahali pa shamba ana cha kumwonyesha mnunuzi asiyekujua. Programu ikikuomba kufungua akaunti ili ihifadhi mashamba yako mtandaoni, soma kwanza nani ataona. Kupima hakuhitaji akaunti.

Kwa Tanzania, mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/2023 imekuwa ya mkulima aliyesajiliwa, na ukubwa wa shamba ni mojawapo ya taarifa zinazoandikwa. Kama uliandikisha ekari za hatua, nenda ofisi ya kijiji na daftari lako kabla ya msimu uombe kurekebishiwa.

## Kipimo hiki hakitoshi wapi

Hakitoshi kwenye hati. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na upimaji wake hufanywa na wanaotambuliwa, mipaka ikihakikiwa mbele ya majirani. Kona ya simu inayokosea mita 4 haiwezi kuamua ugomvi wa mpaka wa mita 2, hata ukiipima mara ishirini. Ugomvi ukiwepo, anza Baraza la Ardhi la Kijiji.

Kwa kununua shamba, tumia simu kujua tu kama muuzaji anakudanganya sana. Akisema ekari kumi na wewe ukapata saba, una sababu ya kusimamisha malipo na kumwita mpima ardhi. Akisema kumi ukapata tisa na nusu, jadilianeni bei.

Pima upya mto unapokula ukingo, unapoongeza au kugawa kipande, na unapohama kutoka mahindi kwenda zao lenye pembejeo za bei kubwa. Shamba lisilobadilika halihitaji kupimwa kila mwaka. Vigingi ndivyo vinavyohitaji kuangaliwa, maana mchwa hawachagui.